Kibarua, Manamba, Posho: Majina ya Malipo katika Nchi ya Njombe

Neno *mshahara* limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna mwezi. *Shahr* ni mwezi. *Mushahara* ni mapatano ya kulipana mwezi kwa mwezi. Asemaye "mshahara wa mwezi" ametaja mwezi mara mbili, na sote tumemsamehe kwa kuwa hatuusikii tena mwezi wa kwanza. *Ujira* nao ni Mwarabu kwa asili, ila hauna kalenda: ni malipo ya kazi, iwe ya saa moja au ya msimu mzima, na watoto wa ukoo wake ni ajira, mwajiri na mwajiriwa. *Posho* ilianza kama chakula. *Kibarua* ni karatasi. *Kipande* ni kipande, na wapenzi wa ushairi wanalijua neno hilo kwa maana nyingine kabisa, maana mshororo wetu hugawanywa vipande, ukwapi na utao, wala hakuna mtunzi anayelifikiria shamba la mkonge anapohesabu mizani zake.

Maneno haya niliyarudia kwa sababu ya orodha. Ghala moja la kufungasha maparachichi huko Makambako liliamua kuacha daftari la mahudhurio na kuanza kutumia programu ya kompyuta inayorekodi saa za kazi na kukokotoa malipo. Programu ya namna hiyo haianzi kazi mpaka ipewe aina za malipo: saa za kawaida, saa za ziada, kazi ya usiku, siku ya mapumziko, sikukuu, likizo, ugonjwa, posho. Kila saa ya mfanyakazi sharti iingie katika chumba kimojawapo, na kila chumba kina kiwango chake. Orodha ililetwa kwa Kiingereza, nami nikaitwa nitafute majina ya Kiswahili yatakayochapwa kwenye hati ya malipo, ili mpangaji wa matunda aweze kusoma mwenyewe alicholipwa na kwa nini. Jambo hili ni la lugha kabla ya kuwa la hesabu. Jina la chumba ndilo linalomwambia mtu anaweza kudai nini.

Niruhusuni basi nianze mbali kidogo, njiani kutoka pwani.

Wapagazi wa karne ya 19, waliobeba mizigo kati ya Bagamoyo na Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji, walipatana na mwenye msafara mambo mawili yaliyo mbalimbali. Kulikuwa na ujira wa safari, na kulikuwa na posho, yaani riziki ya kila siku, ama chakula chenyewe ama kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Ujira ulikuwa malipo ya kazi. Posho haikuwa malipo. Ilikuwa sharti la kazi kufanyika, kama mafuta ya taa. Aliyesimamia mambo hayo miongoni mwa wapagazi alikuwa mnyapara, neno la Kinyamwezi la mzee au mkuu wa watu wake, ambalo baadaye lilishuka cheo likawa jina la msimamizi wa mashamba na hata wa magereza.

Posho imesafiri kuliko wapagazi wenyewe. Uganda posho ni ugali. Kenya mashine ya kusagia mahindi huitwa kwa jina la posho. Kwetu Tanzania posho ni fedha iliyo nje ya mshahara: posho ya kikao, posho ya safari, posho ya nyumba. Uganda inaliwa, Kenya inasagwa, Tanzania inasainiwa. Nakiri kwamba silipendi sana neno hili lilipofika kwetu, kwa kuwa limenenepa likawa linameza maneno mengine, lakini tabia moja ya asili limeitunza: mpaka leo posho ni kitu kinachotolewa na mwenye msafara.

Kibarua kilizaliwa pwani. Ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe siku ya kulipwa. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na vibarua wengi waliokuwa watumwa. Waliajiriwa mjini na bandarini kwa kutwa, na sehemu ya ujira wao, mara nyingi nusu, ilikwenda kwa bwana. Cheti kikawa jina la aliyekishika. Tazama sarufi ilivyolipokea tukio hilo. Tunasema "kibarua amefika", kwa upatanisho wa mtu. Lakini mtu akifukuzwa kazi tunasema "kibarua kimeota nyasi", kwa upatanisho wa kitu, kwa maana sasa kibarua ni kazi yenyewe. Karatasi, mtu, na kazi vimekaa katika neno moja, na ni kiambishi cha kitenzi peke yake kinachotuambia ni kipi kinachozungumzwa.

*Kuli* limepita njia hiyohiyo. Wasomaji wa Shafi Adam Shafi wanalikumbuka kutoka riwaya yake ya mwaka 1979 juu ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar. Lilitufikia kutoka upande wa India, na katika Kitamil neno lenye sauti hiyo maana yake ni ujira. Malipo yakawa mtu.

Na la tatu ni la kwetu Nyanda za Juu.

Kodi ya nyumba waliyoianzisha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambayo Waingereza waliiendeleza kwa sura mpya baada ya vita, ilidai fedha mahali ambapo fedha haikuwa ikizunguka. Ubena ulikuwa na mahindi, ulezi, mifugo na ulanzi. Ulikuwa na kazi za pamoja ambapo wenzako walikuja kulima nawe ukawanywesha. Haukuwa na shilingi. Shilingi zilikuwa Tanga, Korogwe na Morogoro, katika mkonge. Wanaume wa Njombe wakaenda. Wengine walikwenda kwa miguu yao na kujitafutia mwajiri. Wengine waliandikishwa na mawakala, na tangu mwaka 1944 na ofisi ya pamoja ya wenye mashamba ya mkonge, iliyojulikana nchi nzima kwa jina la SILABU, kwa mikataba mirefu, nauli ikilipwa. Barabara ya Njombe huungana na ile iendayo Iringa pale Makambako, kilomita zipatazo 60 kutoka Njombe mjini. Kijana wa Ubena aliyeshika njia ya kaskazini aliiacha nchi yake ya baridi kwenye njia panda hiyo.

Kila aliyeandikishwa alipewa namba. Kiswahili kikachukua namba hiyo, kikaitia *ma-*, kikapata *manamba*. Sarufi haikuona haya: "manamba wamefika", upatanisho wa watu. Na tulipata pia "kwenda manamba", kana kwamba ni mji ulio mbele ya Korogwe. Ukikaa na wazee wa Njombe utasikia habari za ukoo zikipangwa kwa msemo huo: huyu alizaliwa babu alipokuwa manamba, shamba lile lilipotea kwa sababu aliyekwenda manamba hakurudi. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu alichokitoa mwaka 2005 juu ya familia za Njombe katika karne ya 20, amekusanya masimulizi mengi ya watu hao, na James Graham alikwishaandika kabla yake juu ya kazi za ujira katika wilaya hiyo. Kenya, kwa njia yake yenyewe, manamba leo ni kijana anayeita abiria wa matatu. Neno limepata kicheko huko. Kwetu bado ni zito.

Barua, ujira, namba: vitu vitatu vya mezani kwa karani, na vyote vitatu vikageuka kuwa watu. Sijui lugha ingefanya nini zaidi kutuonyesha jinsi kazi ile ilivyoonekana na waliokuwa ndani yake.

Kipande nacho chahitaji kusimama peke yake. Katika Kenya ya kikoloni kipande kilikuwa cheti cha uandikishaji, ambacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Katika mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, idadi fulani ya matita ya mkonge au urefu fulani wa palizi, nafasi moja iliwekwa alama. Usipomaliza, siku haikuwapo. Ukiugua, siku haikuwapo. Malipo yalikuja nafasi 30 zilipojaa, hata kama juu ya mbingu mwezi ulikwisha kuandama na kuanza kuliwa tena. Na aliyechoka akaondoka kabla ya mkataba kwisha hakuwa amevunja mapatano tu. Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 kutoroka kazini kulikuwa kosa la jinai.

Basi wapo miezi miwili katika historia yetu ya malipo. Wa kwanza ni mwezi wa mshahara, mwezi mwandamo uliofichwa katika neno la Kiarabu, unaokwisha wenyewe bila kumuuliza mtu. Wa pili ni mwezi wa kipande, unaokwisha mwenye shamba anaposema umekwisha. Mzee akisema "nilifanya vipande kumi", usifanye haraka ya kuandika "miezi kumi".

Baadaye kazi ilisogea karibu na nyumbani. Mwaka 1949 shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni lilianzisha kampuni ya miwati Njombe. Miti hiyo, ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi, ilipandwa kwenye vilima vya Kibena, na chai ikafuata. Mtu aliweza sasa kupokea ujira na kulala kwake. Msamiati wa mkonge haukubaki Tanga, bali ulipanda mlimani pamoja na waliorudi: mnyapara, posho, kipande. Kisha ikaja reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Wachina, na Makambako ikapata stesheni na utaratibu wa zamu. Treni hupita usiku kama mchana, na kituo hakiwezi kufungwa jua linapozama. Mji wa njia panda ukawa mji wa watu wanaoamka saa zisizofanana.

Sheria inayotawala sasa ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma wala 9 kwa siku. Saa ya ziada, ambayo mafundi wote huiita ovataimu, hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya kiwango cha msingi. Saa ya siku ya mapumziko ya juma, na ya sikukuu, hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5. Ili kuupata ujira wa saa moja kutoka katika mshahara wa mwezi, sheria yataka mwezi uhesabiwe kuwa na majuma 4.333, yaani 52 kugawanywa kwa 12. Ukizidisha kwa saa 45 wapata kama saa 195. Huo ndio mwezi wa tatu, na si wa mbinguni wala wa mwenye shamba. Hauonekani popote isipokuwa kwenye karatasi, lakini nauheshimu, kwa sababu ni uleule kwa kila mtu.

Chukua mtu wa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000. Gawanya kwa 195: saa yake ni shilingi 2,000. Saa ya ziada ni 3,000, saa ya sikukuu 4,000, na kila saa ya usiku ina nyongeza ya 100. Sasa badilisha majina tu, usiguse jumla. Sema mshahara wa msingi ni 260,000 na zile 130,000 zilizobaki ni posho. Siku za kawaida mtu huyu hataona tofauti mkononi. Lakini sheria haihesabu posho ndani ya mshahara wa msingi, na ujira wa saa unapigwa kutoka katika msingi. Saa yake imeshuka hadi 1,333, na saa yake ya ziada imeshuka kutoka 3,000 hadi 2,000. Hakuna aliyepunguza kitu chochote. Neno la wapagazi limefanya kazi hiyo peke yake.

Ndiyo maana katika ghala lile mjadala ulikuwa mkali kwenye mstari mmoja. Katika daftari la zamani, jioni za msimu ambapo watu walibaki kumalizia shehena, ziliandikwa "posho ya jioni", kiasi kimoja kwa wote, aliyebaki saa moja na aliyebaki saa nne. Mhasibu, kijana mwenye adabu na haraka, alitaka jina hilo lihamishwe kama lilivyo, kwa kuwa watu wamelizoea. Mama mmoja wa meza ya kupangia matunda, aliyeteuliwa na wenzake kuhudhuria, alinigeukia.

"Mwalimu, posho haina deni," alisema. "Bosi akikupa, unashukuru, asipokupa, utamwambia nini? Lakini saa zangu ninazijua. Saa ina deni."

"Shikamoo mama, lakini fedha si ileile?" mhasibu akauliza, na baadhi wakacheka, maana walikwisha kusalimiana asubuhi.

"Marahaba mwanangu. Kama ni ileile, basi iandike saa."

Ikaandikwa "Saa za ziada". Sina la kuongeza juu ya tafsiri hiyo ila kwamba mizani zake ni sita na zinatamkika vizuri dirishani pa mhasibu.

Posho ikabaki na vyumba viwili, ya chakula na ya nauli, ambako kwa kweli ndiko kwao. Juu ya mgawanyo wa msingi na posho katika mikataba yenyewe, hilo halikuwa mezani siku ile, na wafanyakazi walisema watalipeleka kwa chama chao.

Kulikuwa na jambo jingine lililonistaajabisha zaidi, nalo ni la saa. Kiswahili huianza siku jua linapochomoza na usiku linapozama. Kompyuta huianza usiku wa manane. Mlinzi aliyeingia saa 2 usiku na kutoka saa 12 asubuhi aliandika katika karatasi ya majaribio tarakimu mbili tu, 2 na 12, kama alivyozoea maisha yake yote. Aliyeziingiza akaziingiza hivyohivyo. Programu ikaona mtu aliyeanza kazi alfajiri mbichi, saa 8 usiku kwa hesabu yetu, akatoka saa 6 mchana. Muda wote ni saa 10, kama ilivyokuwa kweli, bila kutoa mapumziko, kwa hiyo jumla haikumshtua mtu. Lakini saa za usiku zilikuwa 4 badala ya 10. Kwa kiwango cha mfano wetu wa juu hizo ni shilingi 600 kila usiku, zikipotea katika pengo lililo kati ya saa mbili zinazokwenda sawasawa.

Tulikubaliana kwamba karatasi ya mahudhurio iandikwe "asubuhi", "mchana", "jioni", "usiku", na kwamba kazi ya kugeuza iwe ya mashine. Inawezekana, ni kuongeza au kuondoa sita. Mhasibu alitaka watu wafundishwe kuandika 20:00. Mlinzi akamjibu kwa upole kwamba yeye anaandika saa aliyoiona.

Maneno mengine yalikuja bila ugomvi. "Makato" yalikuwapo tayari, na "malimbikizo" pia, neno zuri la kurundika kidogo kidogo. Kwa malipo ya mwisho wa ajira tulipendekeza "kiinua mgongo", ambalo kwa maoni yangu ni miongoni mwa matungo bora ya Kiswahili cha ofisini: halikukopwa popote, na lina mwili wa mtu ndani yake. "Marupurupu" tuliliacha mitaani, ingawa vijana walililia. Yule aitwaye "deiwaka", wa siku moja, akaandikwa "mfanyakazi wa kutwa", na wazee wawili wakasema huyo ndiye kibarua wa zamani, mbona mnamficha. Nilipenda hoja yao. Hata hivyo walioitwa vibarua katika chumba kile walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyetaka jina hilo lichapwe karibu na la baba yake.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa wale wanaolipwa kwa idadi ya kreti wanazojaza, si kwa saa. Vijana walisema neno lipo: kipande. "Tunafanya kwa kipande", ndivyo wanavyosema wenyewe, kwa furaha kabisa, kwa kuwa mwenye mikono myepesi hupata zaidi ya mwenzake wa mshahara. Kwao ni kipande cha kazi. Mzee wa getini, ambaye baba yake alikwenda manamba, alisema hataweka dole gumba kwenye karatasi yenye neno hilo. Hakueleza, na hakuna aliyemlazimisha. Mstari ulikaa mtupu kwa juma zima. Hati zilipochapwa ulisomeka "Ujira wa kreti". Vijana bado wanasema kipande.